Goti Likivimba, Usianzie kwa Muuza Vidonge

Maswali yanayonifikia kutoka Mugunga hapa Goma, na kutoka mitaa inayopakana nayo kwenye barabara ya Sake, yamekuwa ya namna moja. Mama anayebeba mkaa mgongoni anasema magoti hayamtii tena anapoinuka. Mvunja mawe anasema vidole havifungi asubuhi. Motari, mwendesha pikipiki, anasema kidole gumba cha mguu kilimwamsha usiku wa manane kikiwa kimevimba na kuwa chekundu, na shuka lilipokigusa alipiga kelele. Wote watatu wanamaliza kwa maneno yale yale: ni rimatisimu, ninywe dawa gani?

Watu hao wana magonjwa matatu tofauti. Dawa inayomponya mmoja huenda isimfae wa pili hata kidogo, na ikamharibia wa tatu figo. Ndiyo maana naanza na kutambua, kisha kujikinga, na dawa nitazigusa zaidi kwa kuonya kuliko kwa kupendekeza.

## Si baridi, na si mtego

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Usiku wake una baridi, na wengi wanaamini kwamba viungo huumwa kwa sababu baridi imeviingia. Kiungo ambacho tayari kinaumwa hukakamaa zaidi wakati wa baridi, hilo ni kweli. Lakini baridi haianzishi ugonjwa. Watu wa Kisangani na Mombasa, wanaoishi kwenye joto mwaka mzima, wanaugua magonjwa haya haya. Vaa sweta, funika goti, utapata nafuu; usidhani umetibiwa.

Wengine huambiwa wamekanyaga kitu walichotegewa njiani, hasa mguu mmoja unapovimba ghafla. Nalisema hili kwa heshima kwa wazee wetu: mguu mmoja uliovimba ghafla ni sababu ya kukimbilia hospitali. Siku zinazopotea kwa kuchanjwa chale ndizo siku ambazo kiungo kinaliwa.

## Jichunguze kwa wiki moja

Chukua daftari, au mwombe mtoto wa shule akuandikie:

- Ni viungo gani? Kimoja au vingi? Pande zote mbili za mwili, au upande mmoja?
- Ukiamka, ukakamavu unachukua muda gani kulegea? Chini ya nusu saa, au saa nzima na zaidi?
- Maumivu yanazidi ukifanya kazi na kupungua ukipumzika, au kupumzika ndiko kunakoyazidisha?
- Kiungo kina joto? Weka mgongo wa mkono kwenye goti moja, kisha kwenye jingine, ulinganishe.
- Kulitangulia nini? Kuanguka, kuhara, koo kuuma, homa, ugonjwa wa zinaa, pombe ya jana?

Karatasi hiyo ina thamani kubwa kuliko vipimo vingi utakavyolipia. Ukimpa muuguzi au daktari, umemwokolea nusu ya kazi.

## Sura nne zinazoonekana zaidi

Kuchakaa kwa kiungo. Hii ndiyo aina iliyoenea kuliko zote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 walikuwa nayo, goti likiongoza. Ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, tishu laini yenye utelezi. Liangalie chukudu, lile gari la mbao la kusukuma mizigo: gurudumu lake ni la mti, limevishwa mpira wa tairi kuukuu. Mpira ukiisha, mti unagonga jiwe. Gegedu likiisha, mfupa unagusa mfupa. Ila kuna tofauti kubwa. Mpira huisha kwa kutembezwa, lakini gegedu hulishwa na mwendo, na kiungo kisichotumika huharibika haraka zaidi.

Dalili zake huanza polepole, mara nyingi baada ya miaka 40. Goti linauma ukishuka mteremko au ukiinuka kutoka kuchuchumaa. Ukipumzika linapoa. Asubuhi linakakamaa, lakini ndani ya nusu saa limelegea. Linaweza kutoa mlio wa kusagika. Nyonga, shina la kidole gumba cha mkono na ncha za vidole nazo hupatwa.

Kinga ya mwili kushambulia viungo. Wengine huuita baridi yabisi. Hapa mwili wenyewe unavishambulia viungo vyake. Watu milioni 18 walikuwa nao mwaka 2019, na karibu 70 katika kila 100 ni wanawake. Huanza kwenye viungo vidogo: vifundo vya vidole, vifundo vya mikono, nyayo upande wa mbele, na kwa kawaida pande zote mbili. Ukakamavu wa asubuhi hupita saa moja. Mtu huchoka bila sababu, hupungua mwili. Kuna jaribio rahisi: mtu akikubana kidogo kwenye vifundo vya vidole, ukashtuka kwa maumivu, usilipuuze. Uvimbe wa namna hii ukifikisha wiki sita, muone daktari bila kuahirisha, kwa sababu mifupa huanza kuharibika katika miezi ya mwanzo na dawa hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema.

Jongo. Ndilo lililomwamsha yule motari. Hospitali za kwetu huliandika gutu. Asidi ya yuriki inazidi kwenye damu na kujikusanya kwenye kiungo kwa umbo la fuwele. Linakuja ghafla, mara nyingi usiku, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu. Linapoa lenyewe baada ya wiki moja au mbili, na mtu anamsifu aliyempa dawa siku ya kumi. Kisha linarudi. Huwapata zaidi wanaume, na wanawake waliokwisha kukoma hedhi.

Kiungo chenye usaha. Hiki ndicho kinachoua na kulemaza. Vijidudu vimeingia kwenye kiungo, na vinaweza kuliharibu gegedu kwa siku chache tu.

Zipo sababu nyingine. Kifua kikuu huingia pia kwenye mifupa ya mgongo na kwenye nyonga. Chikungunya huacha maumivu ya viungo kwa miezi. Kuhara damu na magonjwa ya zinaa yanaweza kufuatwa na goti lililovimba wiki chache baadaye. Ndiyo maana nakusihi usijipe jina la ugonjwa mwenyewe.

## Usingoje kesho

Nenda hospitali leo, hata kwa kukopa nauli, ukiona mojawapo ya haya:

- Kiungo kimoja kimevimba, kina joto, huwezi kukikunja, na una homa.
- Mtoto amekataa ghafla kukanyaga au kutumia mkono, hata kama homa ni ndogo.
- Umekuwa ukimeza dawa za maumivu ya viungo, na sasa unatapika damu au choo kimekuwa cheusi na chenye kunata.
- Mgongo unauma, miguu inakufa ganzi, au mkojo hautoki.
- Umeanguka na goti limejaa ndani ya saa chache.

Mwenye kisukari, mwenye virusi vya Ukimwi na mwenye selimundu wasingoje hata hiyo homa. Kwao usaha unaweza kuingia kimyakimya.

## Watoto hawana uzee wa kusingizia

Mtoto wa kati ya miaka 5 na 15 aliyeumwa koo, kisha wiki mbili tatu baadaye maumivu yakahama kutoka goti hadi kifundo cha mguu hadi kiwiko, huenda ana homa ya rimatisimu. Viungo vyake vitapona. Moyo wake ndio ulio hatarini, kwa sababu ugonjwa huu huharibu vali za moyo. Kinga yake ni kutibu koo kwa antibiotiki dozi kamili, na mtoto aliyekwisha kuugua huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Mama, sindano hizo usizikatize kwa sababu mtoto anacheza vizuri.

Mtoto anayeumwa mifupa mara kwa mara, ambaye vidole vyake viliwahi kuvimba akiwa mchanga, apimwe selimundu, ile wengi hapa wanaiita SS. Na mtoto ambaye goti lake limevimba kwa wiki sita bila kuumia, huenda ana ugonjwa wa viungo vya watoto; upo, na una dawa.

## Mzigo

Hapa ndipo nataka tukae, kwa sababu Mugunga watu huvunjika magoti kwa kazi. Kuchuchumaa, kupiga magoti na kuinua vitu vizito kwa miaka mingi ni sababu zinazojulikana za goti kuchakaa, na maisha yetu yamejengwa juu ya vitu hivyo vitatu. Ardhi yenyewe ni mawe ya volkano yasiyo sawa. Maji hayakai juu yake, yanapotea chini, kwa hiyo yanafuatwa ziwani au kwenye bomba. Bidoni la lita 20 lina uzito wa kilo 20 na zaidi. Waliobomoa vibanda vyao Februari 2025, kambi za wakimbizi wa ndani zilipofungwa, walirudi vijijini na mbao na masufuria mgongoni.

Najua jibu lako: nisipobeba, watoto hawali. Siwezi kukuambia uache. Naweza kukuambia jinsi ya kubeba.

Kwa anayebeba maji, kuni au mkaa:

- Usiinue mzigo kutoka chini kwa kupiga magoti. Uweke kwanza juu ya ukuta wa mawe unaofika kiunoni, ugeuke, ufunge kamba, kisha uondoke nao. Kuta za namna hiyo hazikosekani Goma.
- Ukikosa ukuta, mwite mtu akutwike. Si aibu.
- Mzigo ukae juu na karibu na mgongo. Unaoning'inia chini unauvuta uti wa mgongo nyuma. Kamba ya paji la uso itandikwe kitambaa kinene, na upumzishe shingo kila unapopata ukuta.
- Pale inapowezekana, beba lita 10 mara mbili badala ya 20 mara moja. Ikiwa foleni hairuhusu, changeni majirani watano mkodi chukudu moja ilete mabidoni yenu yote. Nimeona wamama wakifanya hivyo, na gharama waligawana.
- Vaa kiatu chenye soli nene. Kandambili juu ya mawe yale ndizo zinazokuangusha.

Baba wa nyumba, na vijana wa kiume, nanyi msome hapa. Nyumba ambayo maji yote yanaletwa na mama na binti zake inawachakaza watu wale wale kila siku. Gawaneni.

Kwa mvunja mawe: kaa juu ya kigoda kinachofika urefu wa goti, miguu ikiwa imenyooshwa, badala ya kuchuchumaa kutwa. Weka jiwe la chini liwe kubwa, ili unalolipiga lifike karibu na kiuno chako na usijikunje. Mpini wa nyundo uvishe mpira uwe mnene, kwa sababu mkono unaoshika mpini mwembamba unabana zaidi na vidole vinachoka. Badilisha mkono. Kila nusu saa simama, nyoosha mgongo, fungua na kufunga vidole.

Dereva wa chukudu hupiga goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu mwingine. Basi ubao huo uwekewe godoro la mpira mnene, na magoti yapokezane. Wengi hutumia goti moja hadi linakufa.

Motari na wacheza mpira: goti lililowahi kupinduka au kuchanika ndani liko katika hatari kubwa ya kuchakaa miaka kumi au ishirini baadaye. Usirudi uwanjani kwa sababu uvimbe umeisha. Rudi pale paja limepata nguvu sawa na la upande wa pili.

Nyumbani pia kuna mzigo. Mbabula, yaani jiko la mkaa, iinuliwe juu ya matofali ili mama asipike akiwa amejikunja. Beseni la kufulia liwekwe juu ya meza au benchi. Mzee ambaye choo cha kuchuchumaa kinamshinda, mtengenezee kiti kilichotobolewa katikati. Seremala yeyote anaweza. Na fimbo: ishikwe kwa mkono wa upande mzima, yaani goti la kulia likiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto. Karibu kila ninayemwona ameishika kinyume.

## Paja ndilo linalobeba goti

Watu hushangaa nikiwaambia goti linaloumwa lifanyishwe mazoezi. "Nimetembea tangu Sake, na wewe unaniambia nifanye mazoezi?" Kutembea na mzigo ni kazi. Mazoezi ninayosema yanalenga msuli wa mbele wa paja, ambao ndio unaopunguza mshtuko kabla haujafika kwenye goti.

1. Kaa kwenye kiti. Nyoosha mguu mmoja mbele hadi unyooke kabisa, hesabu hadi tano, shusha taratibu. Mara 10 kila mguu.
2. Kaa kwenye kiti kirefu kidogo, mikono kifuani, simama bila kujishika, kaa polepole. Anza na mara 5, panda hadi 10. Kuinuka kukiwa kugumu kwako, ongeza mto.
3. Lala chali, weka nguo iliyokunjwa chini ya goti, ikandamize kwa goti, hesabu hadi tano. Mara 10.

Fanya angalau mara tatu kwa wiki, na usitegemee tofauti kabla ya wiki sita hadi nane. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si hatari. Yakidumu zaidi ya saa mbili baadaye, au kesho yake goti likiwa limevimba zaidi, punguza idadi, usiache. Kiungo chenye joto na uvimbe mkali ndicho cha kupumzisha, na hicho kiwekewe kitambaa cha maji baridi, si moto. Maji ya vuguvugu ni ya kiungo kilichokakamaa. Na kiungo chenye joto kisikandwe wala kuvutwa na mtu yeyote anayejiita fundi wa mifupa.

## Chakula, pombe, maziwa, maji

Hakuna chakula kinachoponya viungo, na vingi mnavyokatazwa havina kosa. Maharage hayaleti jongo. Sombe na lengalenga havina tatizo. Mwenye jongo ndiye anayepaswa kupunguza bia na pombe za kienyeji, soda, maini na figo, nyama nyingi kwa mlo mmoja, pamoja na samaki wadogo kama sambaza na ndakala. Kwa mtu mwingine yeyote sambaza ni chakula kizuri, maana wanaliwa na mifupa yao na wana kalisiamu nyingi. Mwenye jongo anywe maji ya kutosha, hasa anayefanya kazi juani.

Uzito. Kwa baadhi yenu sahani ndiyo tatizo, haitoshi, na aya hii haiwahusu. Lakini kwa aliyenenepa, kila kilo moja inayopungua huliondolea goti kilo zipatazo nne katika kila hatua. Utafiti mmoja wa Marekani uliofuatilia wanawake kwa miaka mingi ulionyesha kwamba waliopunguza kama kilo tano walipunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa kupata maumivu ya goti lililochakaa. Anza na soda, mandazi na mafuta ya kumwaga.

Maziwa ya Masisi ni mazuri, yachemshwe. Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela, ugonjwa wa mifugo unaompa mtu homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, na maumivu ya mgongo na nyonga. Watu wengi hutibiwa malaria tena na tena, kumbe ni brusela. Mfugaji, mchinjaji na muuza maziwa, mtajeni kazi yenu mbele ya daktari.

Sigara nayo ni miongoni mwa vitu vinavyoongeza hatari ya kinga kushambulia viungo. Hiyo ni sababu moja zaidi ya kuiacha.

Kuhusu maji kuna jambo la kwetu hasa. Moshi wa volkano ya Nyiragongo una floraidi, na upepo huusukuma zaidi upande wa magharibi. Mvua huiosha na kuishusha juu ya mapaa tunayokingia maji. Katika baadhi ya maji ya eneo la Virunga imepimwa floraidi inayozidi kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Kwa watoto huonekana kwenye meno, yenye madoa meupe au ya kahawia. Ikiwa nyingi mno kwa miaka mingi, hukakamaza mgongo na viungo. Kuchemsha hakuiondoi. Acha mvua ya mwanzo ioshe paa ndipo ukinge, usikinge siku majivu yanapoanguka, na maji ya bomba yaliyotibiwa yaende kwanza kwa watoto wadogo.

## Sasa vidonge

Katika vibanda vya dawa utauziwa vidonge vya rangi tatu nne ndani ya kikaratasi kisicho na jina. Kesho yake unaruka. Mara nyingi siri yake ni deksamethasoni au prednisoloni iliyochanganywa na diklofenaki. Unga wa mitishamba unaoponya kwa siku moja nao mara nyingine huchanganywa na dawa hizo hizo.

- Deksamethasoni na prednisoloni ni dawa halali mkononi mwa daktari. Ukizitumia kwa miezi bila kuangaliwa, uso unavimba, sukari na presha vinapanda, mifupa inakuwa dhaifu, na usaha kwenye kiungo unajificha hadi unachelewa. Ikiwa umezitumia zaidi ya wiki tatu, usiziache ghafla. Mwili unaweza kuporomoka. Mwambie daktari azipunguze taratibu.
- Diklofenaki, ibuprofeni na piroksikamu ni za ukoo mmoja. Usinywe mbili pamoja. Meza baada ya kula, kwa siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, figo au moyo asizinywe bila ruhusa. Mjamzito naye asizinywe bila daktari, hasa kuanzia wiki ya 20.
- Diklofenaki ya kupaka ni salama zaidi kwa goti na mkono. Anza nayo.
- Parasetamoli: mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Anayekunywa pombe sana au aliyekonda anywe pungufu ya hapo.
- Ukiandikiwa methotreksati kwa ajili ya viungo, hunywewa mara moja kwa wiki. Kwa wiki, si kwa siku. Kosa hilo limeua watu. Na haimfai mjamzito.
- Usikubali kila kibanda kikuchome sindano ya maumivu matakoni. Ikichomwa vibaya inaweza kugusa mshipa wa fahamu na kukuachia mguu unaoburura.

## Ukifika hospitali

Anza kituo cha afya kilicho karibu, na uombe rufaa. Goma ina Hospitali ya Mkoa, na ina HEAL Africa, ambayo miongoni mwa waanzilishi wake ni mpasuaji wa mifupa, Dokta Jo Lusi. Kituo cha walemavu cha Shirika la Umoja kina watu wa mazoezi ya viungo na watengenezaji wa vifaa vya kusaidia. Chukua daftari lako na vidonge vyote ulivyomeza, hata visivyo na jina.

Usibabaishwe na karatasi ya maabara. Kipimo cha damu cha ASLO kikiwa juu kwa mtu mzima kinaonyesha tu kwamba kuna vijidudu vya koo vilivyowahi kupita. Hakitoshi kukufanya uchomwe penisilini kila mwezi. Asidi ya yuriki inaweza kuwa juu kwa mtu asiye na jongo, na ikawa ya kawaida siku ile ile jongo linapokuuma. Kipimo cha baridi yabisi (rumatoidi) kinaweza kuwa hasi wakati ugonjwa upo. Kiungo kimoja kikivimba kwa joto, kipimo chenye maana kuliko vyote ni kuvuta maji yake kwa sindano safi na kuyaangalia. Ukiambiwa hivyo usiogope, kubali.

## Mnayoniuliza baada ya hapo

*Si uzee tu?* Umri unaongeza hatari, lakini wazee wengi wanatembea bila maumivu, na mwanamke wa miaka 35 anaweza kuamka na vidole visivyofunga. Uzee hauvimbishi kiungo kwa joto.

*Mama yangu alikuwa nao, nami nitaupata?* Huenda uko karibu nao kuliko jirani, lakini si lazima. Wewe ndiye wa kwanza kuzingatia mzigo, uzito na mazoezi ya paja.

*Jirani alipewa dawa akapona, kwa nini nisinywe ile ile?* Kwa sababu hujui kama alikuwa na ugonjwa wako, wala kama amepona au amenyamazishwa maumivu.

*Bibi yangu vidole vimekwisha kupinda. Tumechelewa?* Vilivyopinda havinyooki kwa vidonge. Lakini ugonjwa ukiwa bado una joto na uvimbe, daktari anaweza kuuzuia usiendelee kwenye viungo vingine, kwa hiyo mpelekeni. Nyumbani, mwiko wa kusongea bugali uvisheni kitambaa hadi ujae mkononi, na kijiko vilevile. Asubuhi atie mikono kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika kumi, huku akifungua na kufunga vidole. Na kukamua nguo, mjukuu ashike upande wake.